Kuku wa moshi na chumvi mbili zisizofanana

Binti yangu ndiye aliyeanzisha. Alirudi shule siku moja akauliza kwa nini mkate wa wenzake una kinyama chekundu ndani na wake una jibini kila siku ya Mungu. Hapa Hamburg kinyama hicho mara nyingi ni cha nguruwe, na sisi hatuli. Cha kuku na cha bata mzinga kipo madukani, lakini kilicho halali ni ghali na kwa ulimi wangu kina ladha ya maji. Nikasema mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia jikoni kwa mama anayebanika samaki kwa makumbi ya nazi, kuku mmoja atanishindaje?

Shemeji yangu anaishi Minnesota, na kila Novemba hukausha bata mzinga mzima kwa moshi. Nikampigia.

"Shemeji, siri yake ni chumvi ya waridi," akaniambia. "Kwa kuku mmoja na lita mbili za maji, tia kijiko cha chai kimoja na nusu, usizidishe. Halafu chumvi ya kawaida gramu 80. Alale humo siku mbili kwenye friji."

Nikaenda dukani, nikaomba chumvi ya kuhifadhia nyama. Nikapewa pakiti imeandikwa Pökelsalz. Nyeupe pe, kama ya mezani. Niliona kuwa si ya waridi, lakini nikajisemea labda Wajerumani hawapendi mapambo. Kuku nilimnunua kwa Mturuki wetu wa halali, kilo 1.6. Nikafanya kila kitu kama shemeji alivyosema.

Kwa moshi nilikuwa na bahati. Mzee mmoja jirani yetu ana kibustani nje ya mji, na humo ana jiko la moshi la bati, refu kama kabati, analokaushia mikunga. Huchoma unga wa mbao za mti waitwao Buche, ndio mti wao wa moshi. Tukamtundika kuku, tukanywa kahawa, saa tatu zikapita. Nje alipendeza, rangi ya asali iliyoiva. Nilipompasua, ndani alikuwa wa kijivu. Mtamu, sikatai, lakini alikuwa kuku wa kuoka aliyepitiwa na moshi. Binti yangu akaonja akasema, "Baba, huyu ni kuku tu."

Mzee aliomba kuiona pakiti. Akanionyesha kwa kidole mstari mdogo ambao sikuwahi kuusoma: nitriti ya sodiamu, asilimia 0.4 hadi 0.5. Jioni nikamwambia shemeji anisomee pakiti yake. Ya kwake asilimia 6.25.

Nitriti ndiyo dawa yenyewe. Ndiyo inayozuia bakteria wa Clostridium botulinum, anayependa mahali pasipo hewa na anayetoa sumu kali, na nyama inayokaa saa nyingi kwenye moshi wa uvuguvugu humfaa sana. Ndiyo pia inayoleta ule wekundu na ile ladha ambayo mtoto alikuwa akiitafuta. Wamarekani huiweka nyingi kwenye chumvi kidogo, wakaitia rangi ya waridi ili mtu asiichanganye na ya mezani, na matumizi yake ni kuongezea kidogo tu juu ya chumvi ya kawaida. Wajerumani wameichanganya tayari ikiwa nyepesi, kwa hiyo Pökelsalz inashika nafasi ya chumvi yote. Mimi nilikuwa nimechukua kipimo cha Marekani nikakipimia chumvi ya Ujerumani. Kuku wangu alipata kama sehemu moja kati ya kumi na mbili ya nitriti aliyostahili. Aliyetuokoa ni moto: tulimwivisha hadi paja likafika nyuzi 74, kwa hiyo hakuna aliyeumwa.

(Ile chumvi ya Himalaya, ambayo nayo ni ya waridi, haina uhusiano wowote na habari hii. Wekundu wake ni wa madini. Nimeshaulizwa mara tatu.)

Hesabu niliyofundishwa na mzee ni hii. Unapima kuku, unapima maji, unajumlisha. Kuku gramu 1,600 na maji gramu 2,000 ni 3,600. Asilimia 2.5 ya hiyo ni gramu 90 za Pökelsalz, basi, wala huongezi chumvi nyingine. Kuku anahesabiwa pamoja na maji kwa sababu chumvi itagawanyika hadi ilingane nje na ndani, na ndiyo maana hata akichelewa humo nusu siku hageuki ng'onda. Ukitumia ya Marekani, ni asilimia 0.25 ya jumla hiyohiyo, yaani gramu 9, na iliyobaki iwe chumvi ya kawaida. Kwa mizani. Kijiko kiachie chai.

Nikaiandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa friji: "Chumvi ya kuku, gramu 90."

Hapo ndipo tulipokaribia kuumia. Shemeji alinionea huruma akanitumia pakiti yake kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Ijumaa moja nikiwa kazini zamu ya usiku, mke wangu akaamua kunisaidia. Akasoma karatasi, akafungua kabati, akachukua pakiti iliyo mbele. Niliporudi alfajiri nikafungua friji kutafuta maziwa, nikaona ndoo ya maji yenye rangi ya sharubati ya mapera.

"Mama Zuhura, umetia chumvi ipi?"

"Ya kaka. Gramu 90, kama ulivyoandika."

Nilikaa chini. Gramu 90 za ile chumvi zina nitriti gramu 5 na nusu na ushei, mara kumi ya inayotakiwa. Nitriti ikizidi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na kiasi kile kingeweza kuua mtoto, hata mtu mzima. Maji tukayamwaga, na kuku naye tukamtupa. Mke wangu alinyamaza siku nzima, ingawa kosa lilikuwa langu mimi niliyeandika "chumvi ya kuku" kana kwamba ipo moja. Sasa ya waridi iko juu kabisa ya kabati, ndani ya kopo lenye mfuniko wa kukaza, na juu yake kwa wino mwekundu: SI YA MBOGA. Karatasi ya frijini ina asilimia, na jina la pakiti.

Wa tatu alikubali. Maji niliyachemsha na pilipili manga, majani ya mbei na kitunguu saumu, yakapoa kabisa ndipo nikayapima na kutia chumvi. Nikachota kidogo kwa sindano nene ya jikoni nikamdunga kwenye kiungo cha paja, kwa sababu pale kwenye mfupa ndipo chumvi huchelewa kufika. Siku mbili frijini, sahani juu yake asielee. Nikamsuuza, nikamfuta, nikamwacha wazi frijini usiku kucha mpaka ngozi ikawa kavu kama karatasi, maana ngozi mbichi hushika moshi kwa mabaka. Kisha kwa mzee, saa tatu, kipimajoto pajani.

Alipopasuliwa alikuwa mwekundu mpole hadi kwenye mfupa. Nikampigia mama Tanga kwa video nijisifu.

"Mwanangu, huyo mbichi! Mrudishe motoni!"

Nilimweleza kwamba wekundu ule unabaki hata nyama ikiiva, kwamba naamini kipimajoto na si macho. Hakuridhika. Alitaka kuona maji ya paja yakichuruzika, nikamkamulia mbele ya simu, yakatoka meupe. "Haya," akasema, "lakini firigisi umeweka wapi?"

Zuhura amebeba mkate wake wiki nzima na hajalalamika. Linalonishinda bado ni ngozi: moshi wa taratibu huiacha ngumu kama mpira. Wa mwisho nilimmalizia kwenye oveni kwa nyuzi 220, dakika kumi. Ngozi ilikakamaa vizuri, ncha za mabawa zikaungua.