Zina Jamo Tu

Neno la kwanza nililojaribu kulipindua mwenyewe lilikuwa bibi, nalo halikupinduka.

Hiyo ilikuwa Desemba 1989, Pemba, msimu wa karafuu. Nilikuwa na miaka 10, mtoto wa Morogoro, na mama alinipeleka likizo kwa dada yake katika kijiji kimoja upande wa Mtambwe. Alikaa siku tatu, akarudi zake, akaniacha kwa mama mkubwa mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Safari yenyewe sitaisimulia. Itoshe kwamba nilishuka bandari ya Mkoani tumbo tupu, na vilivyokuwamo vilibaki baharini kati ya Unguja na Pemba.

Kwa mama mkubwa kulikuwa na mabinti wawili. Da Mkubwa alikuwa mwari wa miaka 15, na Da Mdogo alinipita mwaka mmoja tu lakini aliutumia mwaka huo kama cheo. Alikuwapo na bibi yetu, mzaa mama, aliyeshinda barazani juu ya kitanda cha kamba. Baba mkubwa tulimwona kwa nadra. Msimu ule alilala shambani.

Mchana watu wazima walikuwa juu ya mikarafuu. Jioni mapakacha yalimwagwa uani, nasi tukakaa juu ya jamvi kuizunguka taa ya chemli, kuchambua. Umeme wa kebo ya baharini kutoka Tanga ulifika Pemba 2010, kwa hiyo wakati ule giza lilikuwa giza kwelikweli. Unashika kishada cha karafuu mbichi, unakisugua kwa kiganja mpaka punje zidondoke: punje huku, makonyo kule. Makonyo nayo hayatupwi, kuna kiwanda Wawi kinachotoa mafuta yake. Baada ya siku tatu viganja vyangu vilikuwa vyeusi, sabuni haifui dafu, na kila nilichokula, hata maji, kilikuwa na ladha ya karafuu.

Kazi hiyo inashika mikono tu, mdomo inauacha huru. Na midomo ya mabinti wale haikukaa kimya hata dakika moja, ila sikuelewa neno.

"Romorogo ngamji," anasema Da Mdogo.

"Ngamji nasa," anajibu Da Mkubwa, wanacheka mpaka punje zinamwagika kwenye makonyo.

Nilidhani ni Kipemba. Kipemba chenyewe kilikuwa kikinipiga chenga tangu bandarini: mtoto ni ntoto, shule ni skuli, viazi ni mbatata. Nikajiambia, basi hiki ni Kipemba cha ndani zaidi, cha wenyewe. Nikanyamaza, nikachambua, nikawa mtu wa kuchekwa kwa usiku mbili au tatu.

Usiku wa nne Da Mdogo alitupa jicho barazani, akasema, "Bibi laamela."

Bibi! Lile neno lilikaa katikati ya yale makelele kama mtu niliyemfahamu katika umati wa wageni. Na si mimi tu niliyelisikia. Kutoka kitandani ikatoka sauti: "Mwanisema nini?"

"Hatukusemi, bibi."

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa amejilaza, macho yamefumba tena. Bibi amelala. Amelala. Laamela. Nikalirudia kichwani, a-me-la-la, la-a-me-la, mara silabi ya mwisho nikaiona imeruka imekwenda kukaa mbele. Nikajaribu kwa bibi mwenyewe, bi-bi. Unatoa bi ya nyuma unaiweka mbele, unabaki na bibi. Ndiyo maana bibi wa watu alikuwa akijua kila anaposemwa. Kinyume, maana ndivyo lugha hiyo inavyoitwa, hakiwezi kumficha bibi. Hakiwezi kumficha mama, wala baba, wala kaka, wala dada. Ukiitazama vizuri, ni lugha ya siri ambayo wale wale unaotaka kuwasengenya wanatokea uso wazi. Babu anapona, lakini anapona vibaya, maana anageuka buba, ugonjwa wa ngozi.

Kisha nikarudi nyuma usiku zote nne kukusanya madeni. Romorogo: Morogoro. Ngamji: mjinga. Nasa: sana.

Sikusema kitu. Nilivumilia siku mbili nzima, na nadhani sijawahi kuwa na subira kama ile tena maishani. Nilikuwa nikichambua na kusikiliza. Leo ikawa ole. Jana ikawa naja, kwa hiyo mtu aliyeondoka jana alikuwa kama anakuja. Wali ulikuwa liwa, na wali kweli huliwa. Nilijifunza kwamba maneno ya silabi moja, na, tu, si, yanaachwa yalivyo, na kwamba mtu, au ntu kama walivyotamka wao, aliwashinda wenyewe, wakamwacha asimame kama alivyo. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba Askofu Edward Steere, Mwingereza aliyekaa Unguja karne ya 19 na kuandika sarufi ya Kiswahili, alikuwa amekwisha kukitaja kinyume hicho hicho. Lakini usiku ule nilikuwa na hakika kwamba nimevumbua kitu.

Siku ya sita Da Mdogo akanisema tena. Nikamjibu, polepole, nikihesabu kwa vidole chini ya kanzu: "Mimi si ngamji."

Taa haikuzimika, lakini ilikuwa kama imezimika. Da Mkubwa akashika mdomo. "Romorogo aaju!" Romorogo ajua, yaani anajua.

Ikabidi wanitahini. Kusikia nilipasi, kusema nikaanguka vibaya. Kupindua neno fupi ni mchezo, lakini kitenzi cha Kiswahili ni treni yenye mabehewa. Mpaka ulifikie la mwisho uling'oe ulilete mbele, mwenzio amekwisha kusema sentensi tatu. Nilisema tomto, wakanizomea, eti ni tonto. Wao walikuwa wanapindua Kipemba, mimi ninapindua Kiswahili cha darasani. Halafu Da Mdogo akanitegea mtego: "Letungu."

"Tungule!" nikajibu haraka.

"Haya, tungule nini?"

Nikakaa kimya. Funguo niliyo nayo, mlango umefunguka, chumba sikijui. Tungule kwa Morogoro hamna. Walinicheka mpaka bibi akaamka, na kesho yake jikoni ndipo nilipooneshwa tungule: nyanya, nyanya zetu zile zile. Na laiti wangesema nyanya nisingeteseka, maana nayo haipinduki.

Habari zilimfikia mama mkubwa asubuhi. Alifurahi kupita kiasi. "Sasa nna mkalimani wangu," akasema, akanipa kashata mbele ya wanawe. Tangu hapo kila walipoanza kunong'onezana aliniita, "Mkalimani, wasemaje?" nami namwambia: wanasema kazi hii inachosha, wanasema kanga ya jirani imechujuka. Mambo madogo. Da Mdogo alikuwa ananifinya baadaye, lakini kashata ni kashata. Swali la kwa nini mwanamke aliyezaliwa na kukulia nyumba ile ahitaji mtoto wa Morogoro amfasirie kinyume halikunijia.

Sasa maalim.

Maalim alikuwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee mrefu mwenye fimbo ya mtobwe na sauti ya chini. Msimu wa karafuu chuo hubaki viti vitupu, watoto wako mashamba, kwa hiyo alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba baada ya magharibi kukumbusha wazazi. Jioni hiyo akapita kwetu. Tukampa shikamoo, akakaribishwa mkeka, mama mkubwa akamwambia kama inavyopasa kwamba chakula ki karibu, asiondoke bila kula. Maalim akashukuru, akakaa.

Nalo lilikuwapo jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua na maalim hakulijua. Nyumbani mlikuwa na nazi moja. Minazi imetuzunguka, madafu yananing'inia juu ya paa letu, lakini mkwezi wa kijiji alikuwa amehamia kwenye mikarafuu kwa sababu huko analipwa kwa pishi, na pesa za karafuu zetu zilikuwa bado zinaanikwa juani. Nazi moja ya wali wa watu watano. Sasa sita.

Da Mkubwa alitoka jikoni, akainama kwa mdogo wake, akasema kwa haraka lakini si kwa sauti ya chini kiasi alichodhani:

"Zina jamo tu. Nimge laaki, sisi latutala na anja."

Mzee wa watu alikuwa ana masikio. Katika sentensi nzima alisikia neno moja, nalo ni neno ambalo kwa mtu wa dini halina mzaha. Akainua kichwa taratibu.

"Zina?" akasema. "Mwari huyu ataja zina?"

Da Mkubwa akawa kama chumvi. Da Mdogo akashusha macho kwenye makonyo. Nikasikia hata chungu kikichemka kule jikoni.

Mama mkubwa hakuchelewa. Akacheka kidogo, kicheko chepesi kabisa, akanigeukia. "Watoto na michezo yao, maalim, wapindua maneno. Hebu mkalimani, si wanasema nazi?"

Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kunitengenezea jibu, amelitia mdomoni, kazi yangu ni kulimeza tu. Nimelifikiria swali lile miaka mingi: alisema nazi kabla mimi sijasema. Alikuwa amesikia kila kitu, kutoka zina mpaka anja, kama alivyokuwa akisikia kila kitu tangu siku ya kwanza.

Lakini mimi nilikuwa mkalimani, na mkalimani mwenye wasikilizaji wapya. Nikakaa sawa, nikakohoa.

"Ndiyo, nazi," nikasema. "Wanasema, nazi moja tu. Mgeni akila, sisi tutalala na njaa."

Sikuacha hata neno. Nakumbuka nilijivunia lile "latutala", kwa sababu lina la mbili na mtu anaweza kupotea.

Maalim aliitazama fimbo yake. Kisha akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba amekumbuka kuna mgonjwa ameahidi kumpitia kabla ya isha. Mama mkubwa akamsihi, akamsihi tena, akamfuata mpaka njiani, mkono ameuweka kifuani. Tulimsikia akiapa kwamba watoto wanatania. Aliporudi hakunitazama. Hakuwapiga wanawe wala hakunigusa mimi. Aliingia jikoni akapakua.

Wali ulikuwa mzuri, tui lilitosha. Da Mkubwa ndiye aliyesema neno la kwanza, akisukuma sahani iliyojaa mpaka pomoni mbele yangu. "Kula, mkalimani."

Sikula. Bibi peke yake alikula, akauliza mbona mgeni kaondoka, hakujibiwa.

Asubuhi yake mtoto mmoja wa nyumba ya maalim alileta pakacha la nazi. Nilizihesabu, zilikuwa nane. Mama mkubwa akalipokea kwa mikono miwili, akamwambia mtoto yule arudishe shukrani na salamu nyingi, na alipokwisha kupotea njiani akakaa kizingitini akalia. Sikuwahi kumwona mtu akililia nazi. Nilitaka kumwomba radhi lakini sikujua naanza wapi, nikaenda kuanika karafuu, nikaanika na za wengine.

Mabinti waliacha kinyume siku hiyo hiyo. Wakahamia lugha nyingine, ya kupachika ga na gi na gu baada ya kila silabi, wakiisema mbio kama cherehani. Ile ningeweza kuivunja kwa nusu saa. Nilikaa wiki mbili zilizobaki bila kuisikiliza.

Mama mkubwa ni marehemu sasa. Da Mdogo yuko Muscat na mumewe, Da Mkubwa ni nyanya wa watu hapo hapo kijijini, na sote tumo katika kundi la familia kwenye simu, pamoja na vijana ambao kinyume hawakijui. Tarehe 15 Julai 2018 tulikuwa tunatazama fainali ya Kombe la Dunia, kila mtu kwake, Ufaransa na Kroatia. Kylian Mbappé akapiga lile shuti la nje ya boksi, bao la nne la Ufaransa. Kijana wa Bondy, kitongoji cha Paris, ambako vijana nao wana kinyume chao wanachokiita verlan, jina lililopinduliwa kutoka l'envers. Sijui kama ni hilo lililomjia Da Mdogo. Nadhani yeye aliona jina tu mgongoni, akalisoma kama alivyozoea kusoma.

Ujumbe ukaingia kutoka Muscat: "Mbape ngaimefu!"

Vijana wakaanza. Shangazi, simu imekukosea? Ni Kiarabu hicho? Da Mkubwa, ambaye kwa kawaida huweka picha za maua tu, akaandika: "Muulizeni mkalimani, yumo humu."

Wakanigeukia wote. Pemba imefunga, nikaandika, nikaifuta. Nikaandika tena, neno kwa neno, nikaihakiki kwa vidole chini ya meza.

"Zina jamo tu."

Hakuna kijana aliyeelewa. Kutoka Mtambwe ikaja picha ya sahani ya wali, imejaa mpaka pomoni.