Msiweke nyota kwenye ALLOWED_HOSTS

Jamani wana-Mbeya mnaojenga mifumo kwa Django (zana ya Python ya kujengea tovuti), hili naomba tulizungumze. Juzi tukimalizia mfumo wa wakulima wa parachichi wa Rungwe, mdogo wangu wa kazini aliuliza kwa nini kwenye ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ya tovuti ambayo Django huyakubali, tusiweke tu '*' (yaani jina lolote) tukafunga kazi. Swali zuri.

Kila ombi linalofika kwenye seva hubeba jina la tovuti, na mtumaji anaweza kuliandika apendavyo. Ukikubali jina lolote, mhalifu ataomba kubadilisha nywila ya mkulima huku akitaja tovuti yake mwenyewe. Mfumo unaweza kutengeneza kiungo kwa jina hilo na kumtumia mkulima kwa barua pepe. Mkulima akibonyeza, ufunguo wa akaunti umeshafika kwa mwizi. Na humo ndimo zilimo hesabu za mauzo ya msimu mzima!

Andikeni majina kamili. Ukianza na nukta, '.mfano.co.tz', jina lenyewe na matawi yake yote yanapita. DEBUG (hali ya majaribio) ikizimwa na orodha ikiwa tupu, kila mtu anapata kosa 400, yaani ombi lake linakataliwa. Jina lenye mstari wa chini (_) Django hulikataa hata ukiliorodhesha, tumieni kistari.