Yapata Saa Kumi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Yohane 1:35-42. Ni aya nane tu. Kama Biblia iko karibu, zisome kwanza, ndipo uendelee hapa.

Miaka michache iliyopita nilisaidia kuandaa siku ya miito, yaani siku ya kuwaonyesha vijana maisha ya upadre na utawa, katika parokia moja. Tulipanga meza chini ya miembe, kila shirika na meza yake: kitambaa cheupe, picha ya mwanzilishi, vipeperushi, na daftari la kuandikia majina. Kazi yangu ilikuwa viti, na kuhesabu. Ndiyo, kuhesabu, maana kamati ilitaka ikifika jioni ijue kila meza imepata majina mangapi. Vijana walipita meza hadi meza kama watu wanaochagua mitumba. Binti mmoja aliyevaa sare ya shule alisimama muda mrefu mbele ya meza moja bila kugusa kitu. Mwishowe akauliza, "Mama akiugua, mnaruhusiwa kwenda nyumbani?" Frateri aliyekuwa pale akamjibu upesi kwamba maelezo yote yamo humo ndani, akampa kipeperushi. Binti akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasogea pembeni.

Habari zake nitazimalizia mbele. Kwanza tumwangalie Yohane Mbatizaji.

Yohane amesimama na wanafunzi wake wawili. Hatujui amewafundisha kwa muda gani, lakini wamekwisha kuitwa wanafunzi wake. Wamekula naye, wamefunga naye, wamezoea sauti yake. Yesu anapita. Yohane anasema maneno machache tu, "Tazama, Mwanakondoo wa Mungu," na palepale wanafunzi wake wote wawili wanaondoka. Injili haisemi kwamba aliwaita warudi, wala kwamba waliaga. Kwa hesabu ya kamati yetu, Yohane siku hiyo alipata hasara: alianza na wawili, akabaki na sifuri.

Mimi naona hapo ndipo malezi ya mmisionari yanapoanzia, na ndipo yanapoishia. Kumlea mtu akalee miito ni kumfundisha kuonyesha kwa kidole halafu kupisha njia. Kuonyesha wengi tunaweza. Kupisha ndiko kunakotushinda.

Wale wawili wanamfuata Yesu, naye anageuka, anawauliza, "Mnatafuta nini?" Angalia kwamba hawajibu swali. Wanauliza la kwao: "Rabi, unakaa wapi?" Pengine walibabaika, pengine hawakujua hasa wanachotafuta. Yesu hawasahihishi. Hawapi maelezo ya makao yake, wala masharti ya kujiunga. Anawaambia, "Njoni, nanyi mtaona." Wakaenda, wakaona, wakakaa kwake siku ile. Halafu mwinjili anaongeza kitu ambacho kwa mhubiri mwenye haraka hakina kazi: ilikuwa yapata saa kumi.

Hapa Kiswahili kimetupendelea. Wasomaji wa lugha nyingi wanahitaji maelezo pembeni mwa ukurasa ili wajue saa ya kumi ya Wayahudi ni wakati gani. Sisi saa kumi ni saa kumi: jua limelegea, vivuli vimerefuka, aliyekuwa shambani anafikiria kurudi. Na mtu anayekumbuka saa baada ya miaka mingi ni mtu aliyekuwepo. Mapokeo ya Kanisa yanasema yule mwanafunzi wa pili asiyetajwa jina ni Yohane mwenyewe, mwinjili. Alizeeka, akasahau mengi bila shaka, ila saa ile hakuisahau. Muulize padre au sista yeyote mzee jinsi alivyoitwa. Hatakuanzia na teolojia. Atakuambia ilikuwa baada ya misa ya pili, mvua ilikuwa inanyesha, na Padre fulani aliniuliza swali.

Sasa njoo kwetu Afrika. Tarehe 17 Februari 1879, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda. Mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, alikuwa amewapa wamisionari wake maagizo mazito: wajifunze lugha ya watu waliotumwa kwao na waitumie hata wao kwa wao, na wasiharakishe ubatizo. Safari ya ukatekumeni, yaani ya kujiandaa kwa ubatizo, aliipangia miaka minne. Watu walipowasikia wenzake wakimwita Lourdel kwa Kifaransa "mon Père", wakamwita Mapera. Jina likamganda mpaka leo.

Novemba 1882 wamisionari wakalazimika kuondoka. Hali katika ikulu ya Kabaka Mutesa ilikuwa imewawia ngumu, wakavuka ziwa kwenda kusini. Fikiria: miaka mitatu na miezi kadhaa ya kazi, waliobatizwa ni wachache, padre hayupo, misa hakuna, kitubio hakuna. Mtu mwenye daftari la majina angelifunga.

Waliporudi Julai 1885 walikuta Wakristo wameongezeka. Kina Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wamewafundisha wenzao, nyumba kwa nyumba, na ikuluni kwenyewe. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo Yosefu Mukasa akauawa, na siku hiyo Karoli Lwanga akabatizwa. Mwishoni mwa Mei 1886, usiku ambao vijana wa ikulu walijua kwamba kukicha watahukumiwa kwa ajili ya imani yao, Lwanga ndiye aliyembatiza Kizito na wenzake kadhaa. Alikuwa bado hajatimiza miezi saba tangu yeye mwenyewe abatizwe. Tarehe 3 Juni akachomwa moto Namugongo.

Huwa najiuliza Lwanga alisomea wapi kazi ile. Hakuwa na cheti. Alichokuwa nacho ni mtu aliyemtangulia, Yosefu Mukasa, ambaye alimwona anavyosali na anavyosema ukweli mbele ya Kabaka Mwanga, mfalme aliyemfuata Mutesa, mpaka siku alipouawa. Kwa lugha ya somo letu, alikwenda akaona anapokaa. Na wale mapadre, kwa kuondoka kwao bila kupenda, walionyesha kama walikuwa wamejenga kwa ajili yao au kwa ajili ya Yesu. Sisemi kwamba kufukuzwa ni mbinu ya uchungaji. Nasema tu kwamba kutokuwepo kwako kunapima kazi yako kuliko ripoti yako.

Mwingine aliyeliona hili mapema ni Daniele Comboni. Alikuwa amekwenda Sudan kijana, akaona wamisionari wenzake wakifa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 15 Septemba 1864, akisali penye kaburi la Mtakatifu Petro mjini Roma, likamjia wazo alilolipigania hadi kifo chake Khartoum mwaka 1881: Afrika iokolewe kwa Waafrika wenyewe. Vijana wa Kiafrika, wake kwa waume, walelewe mahali ambapo wao na walezi wao wanaweza kuishi kwa afya, kisha waende bara kuwa mapadre, masista, walimu, mafundi. Wakati huo Wazungu wengi waliliona ni ndoto.

Nami napenda kumfikiria Adrian Atiman, ambaye si wengi wanaomkumbuka. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kusomea udaktari kwa mpango wa Lavigerie wa kuandaa Waafrika wawe madaktari na makatekista kwa pamoja. Akaletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuondoka. Alitibu na kufundisha dini palepale hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Yosefu akawa padre. Sidhani kama nyumba ile iliwahi kuwa na semina ya miito. Mtoto alimwona baba akiamka usiku kwenda kwa mgonjwa.

Leo tuna vyombo ambavyo Lwanga hakuvijua. Tuna seminari ndogo na kuu, nyumba za malezi, na vyuo kama Tangaza cha Nairobi, ambacho jina lake peke yake ni amri ya kimisionari. Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1992, alieleza malezi ya padre kwa nguzo nne: utu, roho, akili na uchungaji. Sheria ya Kanisa inadai unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri za kwanza, usipungue miezi kumi na miwili, na miezi hiyo si ya kusomea shahada. Ni ya kukaa. Ni ile siku moja ya wale wawili, imerefushwa iwe mwaka. Anayemhurumia mnovisi kwamba anapoteza muda hajaelewa saa kumi.

Ila katika zile nguzo nne, naona ya utu ndiyo tunayoipitia mbiombio. Akili ina mitihani. Uchungaji una ratiba ya vigango. Utu unaonekana siku kijana anapokujia na swali ambalo halimo kwenye kipeperushi. Mlezi wa miito huku kwetu hakutani na kijana peke yake. Anakutana na ukoo. Kuna baba anayeuliza nani atashika boma kama mzaliwa wa kwanza anakwenda seminari. Kuna bibi anayesubiri kitukuu. Kuna mama mjane ambaye binti huyo ndiye mkono wake wa kuume. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililiita Kanisa Familia ya Mungu. Basi anayechukua mtoto kwenye familia moja kumpeleka kwenye nyingine lazima apige hodi, aketi, anywe maji aliyopewa, asikilize. Hii ni kazi ya kujifunza, tena haijifunzwi ubaoni.

Na tusiwe wepesi wa kuwacheka wanaokuja na nia zisizonyooka. Wako wanaotamani shule, wako wanaotamani ndege. Tunajua. Lakini hata wale wawili hawakuwa na jibu la "Mnatafuta nini?" Yesu aliwapa muda na nyumba yake. Nia huweza kutakata, mradi awepo mtu mzima wa kuuliza swali lile kwa upole, na wa kulirudia mwakani. Na jibu likiwa kwamba wito wake ni ndoa, mlezi afurahi naye, wala asifute jina kwenye daftari kwa kalamu ya hasira.

Mzee Eli, yule kuhani wa kitabu cha Kwanza cha Samweli, ananitia moyo hapa. Macho yake yamefifia, wanawe wamemshinda kulea, ni mtu ambaye sisi tusingemteua kuwa mkurugenzi wa miito. Usiku mmoja mtoto Samweli anamjia mara tatu akidhani ameitwa naye. Mara mbili Eli anamrudisha kulala. Mara ya tatu anatambua ni nani anayeita, anamfundisha mtoto namna ya kuitika, na anambakiza peke yake na Mungu. Hakwenda kukaa mlangoni asikie watakachosema, ingawa ujumbe wenyewe, kama tunavyojua, ulihusu nyumba yake.

Mtakatifu Paulo VI alipokuja Kampala Julai 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari kwao wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Moroto, Askofu Sisto Mazzoldi na Padre Giovanni Marengoni, Wakomboni wote wawili, walikuwa wameanzisha Mitume wa Yesu, shirika la kimisionari lililozaliwa hapahapa Afrika. Wazungu wawili wakianzisha shirika la kuwapisha: nadhani Yohane Mbatizaji angewaelewa.

Wiki hii katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tukifika kwenye sala ya kuombea miito, nawaomba tusiishie kwenye "vijana wetu" kwa jumla. Tumtaje mmoja kwa jina lake, tuliyemwona akisali au akiuliza. Andrea, mmoja wa wale wawili, hakuhubiria umati. Alimtafuta ndugu yake Simoni, akampeleka kwa Yesu, akanyamaza. Hatumsikii tena katika aya zile.

Sasa yule binti. Kwenye meza ya mwisho alikuwepo sista mmoja mzee, ambaye daftari lake mpaka mchana lilikuwa na majina mawili tu. Alikuwa amelisikia lile swali. Aliacha meza yake bila mtu, jambo ambalo mimi, mwenye kuhesabu, sikulipenda. Akamfuata binti kwenye benchi nyuma ya kanisa, akakaa upande wake, akamuuliza, "Mama anaumwa nini?"

Sikusikia zaidi ya hapo. Nilikuwa na viti vya kukusanya. Niliporudi kuchukua vitambaa vya meza walikuwa bado pale, kile kipeperushi kimekunjwa mara nne mkononi mwa binti, na sista alikuwa hasemi kitu.