Siku Moja Maishani Mwangu: Usaili wa Udaktari wa Meno

Saa 11:00 alfajiri

Niliamka kabla simu haijalia. Mkoba niliufunga tangu jana yake: kitambulisho, barua ya mwaliko, vyeti, kalamu mbili, na daftari dogo la jalada la bluu nililotembea nalo kwa miezi mitano. Ilikuwa siku ya usaili wa kujiunga na masomo ya udaktari wa meno, na daftari hilo ndilo lililoniandaa kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Nililianza siku ya kwanza daktari mmoja wa meno aliponiruhusu kukaa pembeni mwa chumba chake nimwangalie akifanya kazi. Alinipa sharti moja: "Usiandike ninachofanya kwenye jino. Hayo utafundishwa chuoni. Andika ninachomwambia mgonjwa kabla sijamgusa." Kwa hiyo kurasa zake zimejaa sentensi fupifupi. Sasa nakilaza kiti, taratibu. Utasikia maji ya baridi. Hiki kina kelele, lakini kinafyonza mate tu. Ukitaka niache, inua mkono wa kushoto. Hiyo ya mwisho niliiandika mara nyingi kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyelala kwenye kiti kile bila kuambiwa. Siku moja mzee mmoja aliinua mkono, na daktari akaondoa kila kitu kinywani mwake kwanza, ndipo akamuuliza kulikoni.

Saa 12:30 asubuhi

Sikusoma chochote. Muda wa kusoma ulikwisha.

Wiki sita kabla nilikuwa nimekariri jibu la swali ambalo kila mtu hulitarajia: kwa nini meno, kwa nini si udaktari mwingine? Nilimsomea daktari yule jibu langu kwa dakika mbili bila kukwama. Akasema, "Vizuri. Sasa niambie jambo hilohilo kwa maneno mengine." Nikakwama palepale. Tangu siku hiyo niliacha kukariri sentensi, nikaanza kukusanya visa: nilichokiona, kilichonisumbua, nilichokwenda kukisoma baada ya hapo. Swali likija kwa sura yoyote, kisa unacho na maneno yatajipanga. Anayejiandaa kwa usaili kama huu namsihi aanze mapema, maana visa havikusanywi kwa usiku mmoja.

Saa 2:15 asubuhi

Nilifika. Tukakaguliwa vitambulisho, tukapewa namba za kubandika kifuani, tukakaa. Kijana aliyekaa karibu nami alikuwa akitikisa goti mfululizo. Nikamsalimia, tukazungumza habari za safari, goti likatulia, na mimi mwenyewe nikahisi pumzi imeshuka.

Mratibu alitueleza utaratibu. Vituo ni 7. Mlangoni mwa kila kituo kuna karatasi yenye swali. Unaisoma kwa dakika 2, kengele inalia, unaingia, unakaa na msaili mmoja kwa dakika 7, kengele inalia tena, unatoka. Mtindo huu wa usaili wa vituo ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sababu yake ni ya haki kabisa. Ukikaa mbele ya jopo moja na jopo hilo likakuchukia au likakupenda kwa sura, siku yako imeamuliwa. Kwenye vituo, kila msaili anakupa alama bila kujua wenzake wamekupa ngapi. Ukiharibu cha pili, wa tatu hana habari. Hilo nililishika kama dawa, na baadaye nililihitaji.

Saa 3:00 asubuhi

Kituo cha kwanza kilikuwa swali lilelile: kwa nini meno? Sikutoa hotuba. Nilimweleza msaili kuhusu enameli, lile gamba jeupe la nje la jino. Ndiyo tishu ngumu kuliko zote mwilini, lakini chembehai zinazoitengeneza hufa jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatika hufunga, ila enameli iliyokatwa hairudi. Maana yake daktari wa meno anayeshika mashine anaamua jambo la maisha, mara nyingi ndani ya nusu saa, kwa mikono yake mwenyewe, na mgonjwa akiwa macho anamtazama. Nilimwambia sijui kazi nyingine ambamo uamuzi, mkono na macho ya mgonjwa vinakutana kwa ukaribu huo. Akaandika kitu. Akauliza, "Na hilo halikutishi?" Nikamjibu kwamba linanitisha, na kwamba daktari niliyemfuata bado hutua kidogo kabla ya kugusa jino kwa mashine, ingawa ameifanya kazi hiyo miaka mingi.

Saa 3:10 asubuhi

Kituo cha mikono. Mezani kulikuwa na kipande cha waya, koleo ndogo, na mchoro wenye kona nne na tao moja. Kunja waya ulale juu ya mchoro bila kuacha nafasi.

Hiki nilikifanyia mazoezi nyumbani wiki nyingi. Kona ya kwanza ilikaa sawasawa. Ya pili nilizidisha kidogo, nikairudisha. Ikabaki nyuma, nikaisogeza tena. Nikaona haijalala vizuri, nikairudisha mara ya nne. Hapo ndipo nilipohisi kwenye kidole gumba kwamba waya umebadilika: ulikuwa ukinyumbuka, sasa umekuwa mkavu, unapinga. Nilijua maana yake. Chuma kikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huwa kigumu, kisha huwa dhaifu. Nilijua, na bado mkono ukasukuma. Ukakatika, tik, na kipande kikaruka hadi ukingoni mwa meza.

Kijasho chembamba kilinitoka. Nilimwambia msaili ukweli: nimekunja mara nyingi mahali pamoja, nilipaswa kuacha kosa dogo na kulisahihisha kwenye kona inayofuata. Nikaomba niendelee na kipande kilichobaki. Akakubali kwa kichwa. Nilifika kwenye tao, kengele ikalia.

Nilipotoka nilisimama ukutani, nikajikumbusha: wa tatu hana habari.

Saa 3:19 asubuhi

Kituo cha tatu kilikuwa kumwelekeza mtu aliye nyuma ya pazia achore umbo ambalo mimi tu naliona. Nilianza kwa "hapo" na "hivi", nikagundua haraka kwamba asiyeona hana hapo wala hivi. Nikaanza upya kwa pande na vipimo. Kilipita salama.

Saa 3:28 asubuhi

Karatasi ya kituo cha nne ilisema: mgonjwa anahitaji kung'olewa gego la chini. Ameahirisha miadi mara tatu. Zungumza naye.

Ndani alikaa mama wa makamo, mwigizaji, mkoba wake mapajani ameushika kwa mikono miwili. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, lakini hakuniangalia.

Nikaanza vibaya. Nilimwambia, "Mama, usiogope, tutakuchoma sindano ya ganzi na hutasikia maumivu." Akaniangalia sasa. "Hata yule wa kwanza aliniambia nisiogope."

Nikanyamaza. Nina hakika ulikuwa ukimya wa sekunde chache tu, ila niliuona mrefu. Kisha nikamuuliza siku ile kulitokea nini. Akaeleza kwamba ganzi haikushika vizuri, na alipojaribu kusema, kinywa kilikuwa kimejaa vyuma na vidole. "Nilikuwa namwambia aache. Hakunisikia."

Miezi mitano nimekuwa nikiiandika sentensi ile ya mkono wa kushoto kama adabu nzuri ya daktari. Mbele ya mama yule ndipo nilipoielewa. Kinachomtesa mgonjwa aliye kitini mara nyingi kinazidi sindano yenyewe: amelazwa chali, mtu amemwinamia, na sauti yake imezibwa. Ule mkono ndiyo sauti yake.

Nikamwambia, "Mama, mimi sitakuahidi kwamba hutasikia kitu. Nakuahidi kwamba ukiinua mkono wa kushoto nitaacha papo hapo, hata kama nimebakiza sekunde moja. Tujaribu sasa hivi. Mimi nitahesabu kwa sauti, wewe uninyamazishe utakapotaka." Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akainua mkono. Nikakata namba ya tano katikati. Akasubiri kidogo, akashusha mkono, nikaendelea, akainua tena, nikanyamaza tena. Mara ya tatu aliuweka mkoba sakafuni.

Kengele ikalia sijafika kwenye gego. Sikumweleza kwamba ganzi huzima maumivu lakini haizimi hisia ya kusukumwa, jambo ambalo mgonjwa asipoambiwa mapema atadhani ganzi imekataa. Sikumwuliza magonjwa aliyonayo wala dawa anazotumia. Sikupata ridhaa yake. Kwa hesabu ya alama huenda nimepoteza nyingi. Hata hivyo, mkoba ulikuwa sakafuni.

Saa 3:37 asubuhi

Kituo cha tano: taja utafiti wa afya ya kinywa uliofaa watu lakini ulifanywa kwa njia isiyofaa.

Nilizungumzia Vipeholm. Ilikuwa hospitali huko Lund, Uswidi, wakiishi humo watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Kati ya mwaka 1945 na 1955 watafiti walitumia wakazi wale kuchunguza uhusiano wa sukari na kuoza kwa meno. Baadhi yao walilishwa peremende za kunata siku baada ya siku, na meno yao yakaharibika. Hawakuwa na uwezo wa kuridhia. Matokeo yake ndiyo yaliyotufundisha jambo ambalo leo kila mzazi huambiwa: kinachoharibu meno zaidi ni sukari inayokaa kinywani na kurudiwarudiwa kati ya mlo na mlo.

Msaili akauliza, "Basi tuyatupe matokeo?" Nikasema hapana, kuyatupa hakuwarudishii meno wale watu. Lakini tunapowafundisha wanafunzi habari ya sukari tuwaambie pia ilipatikana kwenye vinywa vya nani. Sauti ilinitetemeka kidogo. Sikuificha. Nilitoka kwenye kituo cha mama yule dakika chache zilizopita, na hawa walikuwa watu ambao mkono wao hakuna aliyeungoja.

Saa 3:46 asubuhi

Cha sita: mwenye kupanga bajeti anasema meno ni urembo, mjibu. Nilimpa takwimu moja tu, ya Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022, kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Kisha nikamweleza mtoto asiyelala usiku kwa jino, halafu asubuhi anatarajiwa darasani. Nadhani mtoto alifanya kazi kubwa kuliko takwimu. Cha saba kilikuwa kusoma grafu. Kitu cha kwanza nilichotazama ni mihimili, yaani mistari yake ya vipimo, kwa kuwa mmoja haukuanzia sifuri.

Saa 5:00 asubuhi

Tulitembezwa kwenye chumba cha mazoezi. Safu za vichwa vya bandia, vinywa wazi, meno ya plastiki ndani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alitueleza kwamba wiki za mwanzo aliumia shingo, mpaka alipofundishwa kukaa na kutumia kioo. Meno ya juu ya nyuma huyaangalii moja kwa moja. Unayatazama kwenye kioo kidogo, na kwenye kioo mkono unaona unakwenda kinyume. Akaniruhusu nishike kioo na kalamu, nifuatishe mstari wa jino nikitazama taswira tu. Mkono ulikwenda upande usio wake mara tatu. "Sote," alisema, "wiki ya kwanza sote." Nisingeondoka pale kama tusingeitwa.

Saa 7:30 mchana

Nje, wenzangu walikuwa wakilinganisha majibu. Nikawaaga mapema. Kulinganisha majibu ya kituo cha mazungumzo hakuna maana, kwa kuwa kila mtu alimkuta mgonjwa wake. Kijana wa goti alinipungia.

Saa 10:00 jioni

Nyumbani niliandika kila nilichokumbuka kabla hakijafifia, nikianza na yale niliyoyasahau kituo cha nne: ganzi na kusukumwa, magonjwa, dawa, ridhaa. Mama yangu akapiga simu. Aliuliza kama nimepata. Nikamweleza majibu yatachukua wiki kadhaa. "Haya mwanangu, pumzika," akasema, na nikalala saa nzima na nguo za usaili.

Saa 2:00 usiku

Daktari wangu alipiga. Nilimweleza habari ya mama na mkoba. Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Shukrani kwa kuniambia." Halafu akauliza habari ya waya.

"Ulikatika."

"Wapi?"

"Kona ya pili."

"Uliirudisha mara ngapi?"

"Nne."

"Ukikosea tena, iache. Sahihisha kwenye ya tatu."

Nilipokata simu nilichukua koleo, nikapima sentimita kumi na tano za waya, nikachora kona nne na tao kwenye ukurasa mtupu wa daftari la bluu. Kona ya kwanza ilikaa. Ya pili ilizidi kidogo. Nikaiacha, nikasogeza koleo kwenye ya tatu.