Nimerudi Unguja na habari za jumba la Richmond

Tangu nirudi, kila mtu ananiuliza habari za London, na mimi London sikukaa. Nilikuwa kaskazini ya Uingereza, Yorkshire, jirani na mji mdogo wa Richmond, na kilichoniingia moyoni huko ni jumba lao la maigizo.

Lilijengwa 1788, enzi za Mfalme George wa Tatu, na Samuel Butler, muigizaji aliyezunguka mji hadi mji na kundi lake. Kwa nje ni kuta za mawe tu, ungedhani ghala. Ndani viti vimezunguka ukumbi pande tatu, karibu na jukwaa hata unaona jasho la muigizaji. Roshani ya juu ina ubao mbele ya miguu. Waliokaa huko, waliolipa kidogo, waliupiga mateke mchezo ukiwachosha. Nimeugusa kwa mkono wangu.

Mwaka 1848 maigizo yakakoma. Chini pakachimbwa maghala ya mvinyo, juu pakawa mahali pa mnada. Baadaye likatiwa nafaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, makaratasi chakavu. Naamini hilo ndilo lililoliokoa, maana mwenye nafaka haachi paa livuje. Mwaka 1943 lilitengenezwa kiasi kwa sherehe ya mji, kisha watu wakachangishana, na 1963 likafunguliwa rasmi, baada ya zaidi ya karne nzima. Wanalo hata pazia la msitu lililochorwa kati ya 1818 na 1836, mandhari ya jukwaani kongwe kuliko zote zilizobaki Uingereza.

Ndiyo maana juzi nilisimama sana mbele ya Majestic, jumba letu la zamani la sinema pale Vuga. Hapo palikuwa na Royal, jumba alilolichora msanifu majengo J. H. Sinclair, likafunguliwa 1921. Likaungua, na hili la sasa likajengwa 1955. Wazazi wetu walikuja hapa wamejipamba kama sikukuu kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri. Umri wake haujafika hata nusu ya lile la Richmond, sioni kwa nini tulikatie tamaa.

Jamani, mwenye tiketi ya zamani, bango au picha ya ndani ya ukumbi asitupe. Fundi akija kulitengeneza Majestic, akitaka kujua viti vilipangwaje na kuta zilikuwa rangi gani, ataanzia hapo.