Pingili tatu za mkanda wa saa

Saa yangu niliinunua mtandaoni, ikanifikia ikiwa na mkanda wa chuma cha pua uliocheza mkononi kama bangili ya kuazima, nami nikaipeleka kwa muuza saa nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Kijana wa kaunta aliniuliza kama nimeinunua kwao, na niliposema hapana, akanitajia ujira uliokaribia nusu ya bei ya saa yenyewe, tena niiache kwa siku tano. Nilicheka nikidhani ananitania. Mliobaki nyumbani mnajua kazi kama hii humalizwa mteja akiwa amesimama palepale; huku ughaibuni chuma ni rahisi, kinachouzwa ghali ni mkono wa mtu.

Nilirudi chumbani na saa yangu na hasira zangu, nikaugeuza mkanda. Upande wa ndani, kwenye pingili zilizo karibu na kifungio, kuna mishale midogo iliyochongwa: hizo ndizo pingili zinazotolewa, na mshale unaonyesha pini isukumwe kuelekea wapi. Nilianza na vitundu vya ubavuni mwa kifungio, kwa sababu kuhamisha kijiti cha springi kutoka kitundu kimoja hadi kingine huupunguza mkanda kwa milimita chache, na kuna watu wasiohitaji zaidi ya hapo. Mimi nilihitaji. Niliivaa saa, nikaukusanya mkanda hadi ukanikaa sawasawa, nikahesabu pingili zilizobaki nje: tatu. Zingekuwa mbili au nne ningetoa sawa kwa sawa kila upande ili kifungio kibaki katikati, chini ya kifundo cha mkono. Kwa kuwa zilikuwa tatu, ile ya ziada niliitoa upande wa tarakimu ya 6, ambayo kwetu sisi ni saa kumi na mbili.

Sikuwa na kifaa chake maalumu. Niliusimamisha mkanda kwa ubavu kati ya vitabu viwili juu ya taulo, nikaweka sindano nene niliyoikata ncha juu ya tundu la pini, nikagonga polepole kwa nyundo, huku nikimhofia jirani wa chini ambaye hulalamika hata nikivuta kiti. Kwa pigo la tano pini ilichungulia upande wa pili kama pembe ya konokono, nikaivuta kwa koleo.

Pamoja nayo kilidondoka kitu nilichokidhania uchafu, kimrija kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kikabingirikia zuliani. Sikukijali. Niliporudisha pini iliingia kwa kusukumwa na kidole tu, ulaini ulionifurahisha wakati ulipaswa kunitia shaka, na kesho yake nikiwa ngazini ikachomoka, saa ikabaki imening'inia kwenye uzi wa sweta langu. Kimrija kile hukaa ndani ya pingili ya kati na ndicho kinachoibana pini. Nilitambaa nusu saa nzima na tochi ya simu hadi nikakipata kwenye mguu wa kitanda.

Si mikanda yote yenye vimrija. Mingine pini yake imepasuliwa upande mmoja, nayo hurudishwa kinyume cha mshale, ncha isiyopasuliwa ikitangulia. Mingine hufungwa kwa skrubu, na hiyo usithubutu kuigonga. Tafuta bisibisi inayoujaza vizuri mfereji wake, la sivyo utauharibu.

Ninyi mnaojiandaa kuja, mnajaza mabegi nguo ambazo baridi ya huku itazikataa ndani ya wiki moja. Punguzeni mbili, wekeni seti ya bisibisi ndogo na koleo katika begi linalopakiwa chini ya ndege, msije mkabishana na wakaguzi. Na mkisikia ujira wa fundi, msicheke kama nilivyocheka mimi, maana yule kijana hakufurahi.

Pingili zangu tatu nilizihifadhi kwenye kichupa cha vidonge. Joto lilipopanda mwezi Julai kifundo kilivimba, mkanda ukaanza kuacha alama kwenye ngozi, ikanibidi nirudishe moja. Safari hii nilitandika shuka jeupe sakafuni kabla ya kugusa nyundo.