Siku Tuliyokwenda Kujaribu GT86

Niliweka kiganja juu ya boneti hata kabla salamu hazijaisha, na boneti ilikuwa ya moto. Gari lilikuwa Toyota GT86, gari dogo la spoti lililotumika, na kwenye simu nilikuwa nimemwomba muuzaji jambo moja tu: gari lisiwashwe mpaka mimi mwenyewe niwepo. Injini iliyokwisha kupata moto ni shahidi mbaya. Moshi wa kwanza umeshatoka na kupotea, oili imeshapanda na kuzituliza kelele za vyuma, na ile gia ya pili, ambayo kwenye magari haya hugoma kidogo likiwa baridi, inaingia kwa adabu zote.

"Nimeliwasha kidogo tu, bosi, nilitoe kivulini ulione rangi," akasema.

Inawezekana ndivyo. Sikutaka tuanze kwa ubishi. Nikamwambia nitarudi jioni likiwa limepoa, ila kwa kuwa tumeshafika, tulikague likiwa limesimama. Akakubali haraka. Kilichomshangaza ni mke wangu, aliyekuwa anashuka nyuma yangu amekumbatia siti ya mtoto, ile ya kufunga kwenye gari. Muuzaji akaitazama siti, akalitazama gari, akanitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipoanza kutilia shaka kama tulikuja kununua au kupoteza muda wake.

Ile siti ilikuwa sharti. Nyumbani tulishakubaliana kwamba gari la spoti nitalipata, lakini mtoto lazima aingie. Sharti hilo lilikuwa limekwisha kuiondoa Mazda MX-5, ambayo niliiendesha kabla, na kusema kweli, kama ningeamua kwa mikono na miguu tu ningeichukua hiyo. Ile ya kizazi cha nne ina uzito wa takriban tani moja, paa lake la turubai unalikunja kwa mkono mmoja bila kuinuka kitini, na usukani wake unakuletea habari za barabara bila kuombwa. Si ajabu kwamba tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 hakuna gari la wazi la watu wawili lililouzwa zaidi kuliko hilo. Mwaka 2016 zilishatimia milioni moja. Tatizo ni hao watu wawili. Sisi tuko watatu.

Basi tukaja kwenye Toyota GT86, ya mwaka 2013, nyekundu, gia za mkono. Wanaolijua watakwambia ni Subaru iliyovaa nembo ya Toyota, na hawasemi uongo sana. Kampuni hizo mbili zililiunda pamoja: injini ya Subaru, mfumo wa kupuliza mafuta wa Toyota, na pacha wake, Subaru BRZ, akatoka nalo kwenye kiwanda kimoja. Mhandisi mkuu upande wa Toyota, Tetsuya Tada, alikusudia gari lisilo na turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, lisilosukumwa na magurudumu manne, lisilo na tairi za kung'ang'ania lami. Tairi lililotoka nalo kiwandani ni aina ile ile iliyofungwa kwenye Prius, gari la Toyota la kubana mafuta. Watu walicheka waliposikia hivyo. Mimi ndicho kilichonivutia, kwa sababu sikuwa natafuta gari la kwenda mbio. Nilikuwa natafuta gari ambalo hata nikiwa mwendo wa kawaida nitajua kwamba ninaendesha.

Siti za nyuma zipo mbili, kwenye karatasi. Mke wangu aliinama, akaipenyeza siti ya mtoto nyuma ya abiria, akaifunga kwa mkanda, akaitikisa. Ikakaa imara. Kisha akarudisha siti ya mbele mahali pake, nayo ikagoma. Ilibidi isogezwe mbele, na mbele tena. Alipoketi, dashibodi ilikuwa imegusa miguu.

"Magoti yangu yamefika kabla yangu," akasema.

Muuzaji akacheka kicheko cha biashara. Akatuonyesha kwamba ukiulaza mgongo wa siti ya nyuma, zinaingia tairi nne nzima za kubadilisha ukifika kwenye uwanja wa mbio. Wahandisi walilipima hilo makusudi. Mtoto inaonekana hawakumpima.

Mchana huo nilikaa zaidi na karatasi kuliko na gari. Mwaka 2018 magari mengi ya aina hii yaliyotengenezwa miaka ya mwanzo yaliitwa kwa mawakala ili yabadilishwe springi za valvu, vile vilango vya hewa na moshi ndani ya injini, springi zilizokuwa na hatari ya kukatika. Kwa maneno inaonekana kazi rahisi. Lakini kwenye injini hii pistoni zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo vichwa vya silinda viko ubavuni, vimebanwa na bodi, na fundi inambidi aishushe injini ndipo afungue. Kisha azibe upya kwa gundi, na gundi ikizidi, vipande vyake vinaweza kwenda kuziba njia za oili. Kwa hiyo sikutaka kujua tu kama kazi ilifanyika. Nilitaka kujua ilifanyika lini na gari limetembea kilomita ngapi tangu hapo. Kitabu cha matengenezo kilikuwa na muhuri, na tangu muhuri ule gari lilikuwa limetembea mwendo mrefu bila shida iliyoandikwa. Nikatulia kidogo.

Jioni tukarudi, safari hii na rafiki yangu fundi. Boneti ilikuwa baridi. Fundi akasimama nyuma, kiganja karibu na ekzosi, akaniashiria niwashe.

Injini ikaamka mara moja, na baada ya sekunde chache ikaanza kulia kama nyenje. Mke wangu akageuka kutafuta kilichoharibika. Fundi akamwambia, "Usihofu, shemeji, hiyo ni pampu ya mafuta, zote zinalia hivyo." Moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua, haukuwapo, wala mweupe uliogoma kuisha. Tukaiacha ingurume mpaka mshale wa joto uanze kupanda, na mimi nikatumia muda huo kumuuliza muuzaji swali ambalo wengi hulisahau kwa haraka ya kushika usukani: bima ya gari hili inamhusu nani likiwa barabarani? Akaonyesha. Ilituhusu mimi na mke wangu, baada ya leseni zetu kuandikwa.

Muuzaji aliingia mbele pamoja nami. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwasha redio.

"Kaka, naomba tuizime."

"Spika zake nzuri sana, bosi."

"Sina shaka. Nataka kusikia gari."

Akaizima, akaanza kuzungumza yeye. Kulikuwa na barabara pana, wazi, iliyonyooka, na alitaka twende huko. Wauzaji wote wanataka twende huko. Mimi nikakata upande wa pili, kwenye foleni.

Kwenye foleni ndiko nilikopata karibu kila kitu nilichohitaji kujua. Klachi ilikuwa inashika juu kidogo lakini bila kuteleza, na baada ya kusimama na kuondoka mara nyingi mguu wa kushoto haukulalamika. Ndani ya gari hili unakaa chini mno. Taa za gari kubwa lililokuwa nyuma yangu zilijaa kioo chote. Ukitaka kubadilisha njia, ile nguzo nene ya nyuma inaficha pikipiki nzima, kwa hiyo shingo lazima ifanye kazi. Gia ya pili, kabla mafuta ya gia boksi hayajapata moto, ilipinga kidogo kisha ikaingia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ingeingia laini sana ningetaka kujua ni mafuta gani yamewekwa humo na kwa nini.

Kisha nikalikuta shimo. Simaanishi la barabarani. Injini hii inatoa nguvu zake zote, farasi 200, kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa uko karibu na huko huko juu. Katikati, kati ya 3,500 na 4,500 hivi, kuna mahali ambapo unakanyaga na gari linakuitikia kwa uvivu. Kila aliyeandika kuhusu gari hili amelitaja, nami nilidhani ni malalamiko ya watu wa mashindano. Siyo. Tulikuwa tunapanda mwinuko nyuma ya gari la mizigo, gia ya tatu, na pale nilipotaka nguvu ndipo palipokuwa pakavu. Ikabidi nirudi gia ya pili. Likaamka, likavuta kwa hasira, na nikajikuta natabasamu peke yangu. Sasa ukiniuliza, shimo lile ni kasoro au ni sababu ya kushika gia? Anayekwenda kazini kila asubuhi amechoka atasema kasoro. Mimi nilikuwa upande wa pili, lakini nilijua niko upande wa pili kwa sababu ilikuwa jioni na sikuwa na haraka.

Kwenye barabara iliyonyooka nilikwenda mwishoni, kumridhisha muuzaji. Nikakanyaga, gari likakimbia, breki zikashika bila usukani kutetemeka. Ni hayo tu. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa linahitaji zaidi ya sekunde saba, na siku hizi yako magari ya familia yenye turbo yanayoliacha. Mngurumo ulikuwa mzuri, na nilipousifu, muuzaji, kwa uaminifu ambao sikuutarajia, akanieleza kwamba kuna bomba maalumu linalotoa sauti ya upande wa hewa ya injini na kuileta ndani kwa abiria. Nikaendelea kuipenda hata hivyo.

Lililonishika ni kona. Kulikuwa na mzunguko mkubwa usio na magari, na nikauzunguka kwa mwendo wa wastani kabisa, mwendo ambao gari letu la nyumbani lingeuchukulia kama kazi. Hili halikuinama. Ukigusa usukani pua inafuata pale pale, na ukikanyaga mafuta kidogo unahisi magurudumu ya nyuma, kupitia kiunoni, yakiamua jinsi ya kulisukuma. Uzito wote uko chini, na hapo ndipo zile pistoni zilizolala zinapolipa deni lao. Nikauzunguka tena. Muuzaji alikuwa amenyamaza.

Tukitoka pale tukapita tuta la kawaida, polepole, na chini ya gari kukakwaruza. Nikapita jingine kwa mshazari, likakwaruza tena.

Tuliporudi fundi alilala chini na tochi. Hakuchukua muda.

"Springi si zake," akasema. "Mwenye gari ameweka fupi. Ona, shokapu ni za mwanzo, springi ni za dukani. Hazipatani. Ndiyo maana nyuma inaruka ruka."

Nilikuwa nimeihisi ile nyuma nikadhani ndiyo tabia ya gari. Hili ndilo linalonikera kwenye magari ya spoti yaliyotumika: wahandisi wanatumia miaka kupatanisha springi, shokapu na tairi, halafu mtu anatumia mchana mmoja kuvuruga, kwa ajili ya picha. Nikamuuliza muuzaji springi za mwanzo ziko wapi. Akasema hajui. Nikamwambia ampigie mwenye gari aulize, maana mimi gari hilo bila springi zake silitaki.

Alipokuwa kwenye simu mke wangu akaingia kwenye usukani. Hakuwa ameomba tangu asubuhi, na mimi nilidhani amechoka na shughuli nzima. Akasogeza siti, akaweka vioo, akafunga mkanda.

"Ingia," akaniambia.

Siti ya mtoto ilikuwa bado imefungwa nyuma ya abiria, na siti ya abiria ilikuwa bado imesukumwa mbele. Nikaingia kama nilivyoweza. Goti moja kwenye dashibodi, jingine mlangoni. Akaondoka taratibu kuliko mimi, akapita foleni ile ile, kisha akaelekea kwenye mzunguko bila kuniuliza njia. Akauzunguka, akapunguza mwendo, akauzunguka tena kwa kasi zaidi, na safari hii nyuma ya gari ikateleza kidogo sana, kompyuta ikaidaka, taa ya njano ikawaka na kuzimika. Hakushtuka. Aliniangalia kwa jicho la pembeni.

"Mtoto anatosha," akasema.

"Anatosha. Lakini mtu mzima hapa mbele hatoshi. Nakufa ganzi."

"Mimi nilikaa hapo asubuhi. Najua."

"Sasa atakaa nani?"

"Wewe," akasema, akaweka gia ya tatu.

Springi zilipatikana, zilikuwa kwenye stoo ya mwenye gari zimefungwa kwenye gunia. Fundi alizirudisha yeye mwenyewe kabla hatujalipa, akalipitisha gari kwenye lile tuta akiwa peke yake, halikukwaruza. Siku ya kulichukua nilikwenda na ufunguo wa akiba mfukoni, nikifikiri ule wa kwanza nitapewa mimi. Muuzaji, ambaye wakati huo alishatuelewa vizuri, akampa mke wangu.